Bei ya Petroli Kitale na Eldoret

Mkulima wa Kitale aendapo Eldoret kwa shughuli zake huona ya kuwa petroli huko huuzwa kwa bei ndogo kuliko kwao. Mara huwaza kwamba wenye vituo vya Kitale ni walafi. Huenda walafi wamo, kama walivyomo katika kila biashara, lakini tofauti hii ina asili nyingine.

Petroli huteremshwa melini Mombasa, kisha husukumwa ndani ya bomba la chuma lililofika Nairobi mwaka 1978, na kuendelezwa hata Nakuru, Eldoret na Kisumu mwaka 1994. Eldoret ina ghala la bomba, Kitale haina. Kwa hiyo petroli ya Kitale hupakiwa katika malori na kusafirishwa barabarani kilometa 70 hivi. Kupitisha mafuta bombani ni rahisi kuliko kuyachukua kwa lori, kwa maana lori lina dereva, magurudumu na dizeli yake. Ushuru wa Serikali ni mmoja kwa miji yote. Nauli ya mafuta ndiyo inayotofautiana. Watu wa Mandera, walio mbali mno na bomba, hulipa kuliko wote, na hao ndio wenye haki ya kunung'unika.

Tangu Desemba 2010 kila mji umewekewa bei ya juu kabisa. Siku hizi Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi. Mwenye kituo akizidisha hata senti amevunja sheria, na inafaa ashtakiwe. Akipenda kupunguza, hakuna amzuiaye, ingawa wapunguzao huonekana zaidi penye vituo vingi vinavyogombea wanunuzi. Basi mkulima na ailinganishe bei ya kituo na ile iliyotangazwa kwa mji wake mwenyewe, wala si ya Eldoret.

Wako wanaofunga safari ya Eldoret kwa motokaa makusudi ya kujaza debe. Ikiwa tofauti ni shilingi moja kwa lita, debe la lita 20 humwokolea mtu shilingi 20. Kwenda na kurudi ni kilometa 140, na motokaa iendayo kilometa 10 kwa lita moja huteketeza lita 14.