Risala ya Wazazi wa Kisauni Kuhusu Watoto Wanaotumwa Unga

Kwa Waziri wa Usalama wa Ndani, kupitia kwa wabunge wetu wa Kaunti ya Mombasa.

Mheshimiwa,

Hatukuja kuutetea unga, yaani heroini. Tumezika vijana kwa ajili yake, na wengine tunawasindikiza kila asubuhi wakanywe methadoni. Tumekuja kwa sababu ya hawa wanaotumwa.

Mambo haya hufanyika mbele ya vibaraza vyetu. Mvulana wa miaka 15 hupewa simu, kesho nauli ya tuktuk, kisha siku moja huambiwa apeleke bahasha Nyali. Kete za unga ziko ndani ya mkoba wa shule, chini ya daftari. Akifikisha, anatumiwa shilingi 300 kwa M-Pesa. Akikataa safari ya pili, anadaiwa ile simu. Mwenye mzigo haugusi kamwe. Anajua kwamba sheria ya dawa za kulevya ya 1994, hasa baada ya marekebisho ya 2022, hupima gramu alizokutwa nazo mtu.

Mvulana akikamatwa, simu yake inakuwa kielelezo dhidi yake yeye tu. Namba iliyomlipa hatujasikia ikifuatwa. Kwenye hati ya mashtaka anaandikwa ana miaka 18. Mzazi anapata habari jioni, mtoto keshashauriwa akiri kosa ili arudi nyumbani mapema. Anakiri, na harudi. Lakini wakubwa je? Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha, walanguzi wa dawa za kulevya, walikamatwa hapahapa Mombasa Novemba 2014. Kesi ikaburutwa zaidi ya miaka miwili, mpaka walipopelekwa New York Januari 2017, na huko ndiko walikohukumiwa. Kesi ya mtoto huisha asubuhi moja.

Wala si kwamba sheria ya kumlinda haipo. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12, na kwa aliyevuka umri huo ikaweka njia ya kumaliza shauri lake nje ya mahakama. Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kenya imeuridhia, unahesabu kumtumia mtoto kusafirisha dawa za kulevya kuwa ajira mbaya kabisa ya watoto. Basi huyu kaajiriwa. Mwajiri wake mbona haitwi?

Tunataka umri uthibitishwe kwa cheti cha kuzaliwa au na daktari kabla ya mashtaka kuandikwa, na mtoto asihojiwe bila mzazi na wakili. Pesa zifuatwe mpaka kwa aliyezituma, na kumtuma mtoto kuadhibiwe vikali kuliko kubeba. Faili za walioko borstal zipitiwe upya wangali watoto. Na tafadhali, tusitakiwe tena kutaja majina mbele ya watu kwenye baraza la chifu: anayetaja mchana hugongewa mlango usiku, na anayegonga tunamjua.

Tunaomba jibu la maandishi, kwa Kiswahili, ndani ya siku 30.

Ni sisi wazazi na walezi wa Kisauni.