Ifriti Si Mnyama wa Gemu

Dada zetu, ifriti wanayemjua watoto wetu ni yule wa gemu: pembe, makucha, mwili mzima unawaka, anaitwa na kuamrishwa. Katika Final Fantasy XVI, iliyotoka 2023, ndiye roho ya kisa. Zamani zaidi, jalada la kitabu cha Dungeons & Dragons cha 1979 lilimchora jitu jekundu, mwanamke karibu uchi kamshika mkononi.

Hapo ndipo tunapokataa. Ifriti katajwa katika Surat An-Naml, aya ya 39, akijitolea kumletea Nabii Suleiman (a.s.) kiti cha enzi kabla hajainuka mahali pake. Anasema, ana akili. Majini wameumbwa kwa moto. Si kwamba makazi yao ni motoni, kwani sisi wa udongo tunaishi matopeni? Na kiti kile kilikuwa cha nani? Cha mwanamke, Malkia wa Saba, aliyewashauri wakuu wake, wao wakataja nguvu zao za vita, yeye akachagua kupeleka zawadi. Malkia kaachwa, mateka ndiye aliyechorwa!

Bibi harusi unayepanga nyumba, kisa hiki kiingie kabla ya mashine ya gemu. Mtoto akiuliza pembe za ifriti zina urefu gani, mfungulie aya, atafute mwenyewe pembe ziko wapi.