Hirola: Swara wa Garissa anayetoweka bila hata kuvuma mitandaoni

Sensa ya wanyamapori ya mwaka wa 2021 ilihesabu ndovu 36,280 humu nchini, na hiyo ndiyo namba iliyobebwa na kila mtu. Lakini kwenye ripoti hiyo hiyo kulikuwa na namba nyingine ndogo ambayo wengi waliiruka: hirola 497.

Hebu tuipige hesabu ya kimtaani. Ukichukua matatu za abiria 14, unahitaji 36 tu kuwabeba hirola wote waliohesabiwa, na ile ya mwisho itatoka stejini ikiwa na viti saba vitupu. Huyo ni mnyama mzima wa Kenya, kizazi chake chote.

Najua swali linalofuata, manake nimelisikia kila ninapomtaja: hirola ni nani? Ni swara, umbo linakaribia la kongoni, rangi ya mchanga, pembe zimepinda kama kinanda cha zamani. Chini ya kila jicho ana tezi kubwa jeusi linaloonekana kama jicho lingine, ndiyo maana wengine humwita swara wa macho manne. Kwao ni nyika za Garissa kuelekea mpaka wa Somalia, mashariki ya Mto Tana. Upande wa Somalia, baada ya miaka yote hiyo ya vita, wataalamu wanaamini huenda ameshatoweka kabisa.

Kitu kinachomtofautisha na wanyama wengine walio hatarini ni ukoo. Simba akipotea leo, Mungu aepushe, bado chui atakuwepo, na chui na simba ni wa jenasi moja. Hirola hana ndugu wa karibu namna hiyo. Ndiye pekee aliyebaki kwenye jenasi yake. Akienda, mlango unafungwa na ufunguo unapotea, na itakuwa mara ya kwanza katika nyakati za kisasa kwa jenasi nzima ya mamalia kupotea katika bara la Afrika.

Sasa linganisha na Sudan, yule kifaru mweupe wa kaskazini aliyekufa Ol Pejeta mnamo Machi 2018. Huyo hakuna asiyemjua. Mwaka mmoja kabla afe aliwekwa kwenye Tinder, eti kapera anayetafutwa zaidi duniani, ili watu wachangie utafiti wa kumtafutia kizazi. Mimi sina shida na hilo, lilikuwa wazo la kijanja na lilifanya kazi. Alipokufa, picha yake akiwa na mlinzi wake ilizunguka dunia. Leo wamebaki Najin na binti yake Fatu, wote wa kike, na wanalindwa usiku na mchana.

Hirola hajawahi kupata siku kama hiyo, hata nyumbani kwake. Ishaqbini ni hifadhi ya jamii iliyoko Ijara, Kaunti ya Garissa, na ilianzishwa hasa kwa ajili ya hirola. Jina la Ishaqbini lilivuma lini mitandaoni? Mwaka wa 2017, video ya twiga mweupe na mtoto wake ilipotoka. Likavuma tena Machi 2020 majangili walipomuua twiga huyo jike pamoja na mtoto, akabaki dume mmoja ambaye baadaye alivishwa kifaa cha GPS. Mauaji yale yalikuwa ya kinyama, hilo sibishani nalo. Ila twiga mweupe si spishi. Ni twiga wa kawaida aliyezaliwa na hitilafu ya rangi. Kamera za dunia nzima zilielekezwa Ishaqbini, zikampita mwenye boma, zikampiga picha mgeni.

Nasema haya kwa sababu uhifadhi siku hizi ni biashara ya macho. Mnyama anayependeza kwenye simu ndiye anayepata pesa. Kwenye tamasha la kuwapa ndovu majina, mtu au kampuni ililipa kuanzia Sh500,000 kumpa ndovu mmoja jina. Angalia hata sarafu zako: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Hirola hayuko mfukoni mwako na hayuko kwenye simu yako.

Sasa alifikaje hapa? Hapa ndipo hadithi inakuwa noma, kwa sababu hakuna adui mmoja wa kumnyooshea kidole.

Miaka ya 1970 hirola walikuwa zaidi ya 10,000. Katikati ya miaka ya 1980 ukaja ugonjwa wa sotoka, ule uliomaliza ng'ombe wa wafugaji, ukawafagia hirola pia. Kwa kawaida mnyama akipigwa na ugonjwa hivyo, wanaobaki huzaana na baada ya miaka kadhaa kundi hurudi. Sotoka yenyewe ilitangazwa kuangamizwa duniani kote mwaka wa 2011. Hirola hawakurudi. Kwa nini?

Jibu liko kwa ndovu. Katika miaka hiyo hiyo ya sabini na themanini, majangili walikuwa wanamaliza ndovu wa Kenya: kutoka zaidi ya 160,000 mapema miaka ya 1970 hadi chini ya 20,000 kufikia 1989, mwaka ambao Rais Moi alichoma tani 12 za pembe mbele ya kamera. Nyika za Garissa ziliguswa vibaya sana. Ndovu kazi yake ni kama ya tingatinga: anaangusha miti, anavunja vichaka, na nafasi inayobaki inamea nyasi. Ndovu walipoisha, hakuna aliyeangusha miti. Mifugo nayo ikaongezeka na kula nyasi iliyokuwepo. Utafiti uliolinganisha picha za setilaiti kuanzia 1985 hadi 2012 uligundua kwamba eneo lililofunikwa na miti katika makao ya zamani ya hirola liliongezeka zaidi ya maradufu.

Wewe ukisikia miti imeongezeka unapiga makofi. Mimi pia ningepiga. Nchi nzima tunaambiwa tupande miti, na ukipiga picha na mche unapata likes. Lakini hirola ni mla nyasi wa uwandani. Kwenye kichaka hana chakula, na isitoshe haoni simba wala mbwa mwitu akimnyemelea. Kwake ule msitu mpya ni jangwa la kijani.

Kwa hivyo jangili aliyempiga ndovu risasi mwaka wa 1980 alikuwa anamuua na hirola ambaye hata hakumwona. Ongeza ukame. Ule wa 2022 pekee uliua ndovu 205 na pundamilia wa Grevy 49 kati ya Februari na Oktoba, kwa hesabu ya Wizara ya Utalii. Mnyama aliyebaki mamia hawezi kuvumilia misimu mingi kama hiyo.

Serikali haikukaa bure kabisa. Mwaka wa 1963 hirola kama 30 hivi walihamishwa hadi Tsavo Mashariki ili wawe kama akiba. Mwaka wa 1996 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) likarudi Garissa kuchukua wengine. Na hapa kuna kisa ambacho kingefaa kufundishwa shuleni. Wakazi walienda Mahakama Kuu kulipinga shirika hilo. Hoja yao ilikuwa rahisi: hawa wanyama ni wa hapa, ni sehemu ya urithi wetu, na sheria inakutaka uwahifadhi walipo, si kuwabeba. Mahakama ikakubaliana nao ikatoa amri ya kuzuia, ingawa kufikia hapo baadhi walikuwa washapelekwa Tsavo.

Fikiria vizuri. Tumezoea kusikia kwamba wafugaji ni maadui wa wanyamapori, kwamba mtu wa kaskazini anataka malisho tu. Hawa walikuwa wafugaji Waislamu wa Kisomali, katika kaunti ambayo Nairobi inaijua kwa habari za mashambulizi pekee, na walienda kortini kupigania swara. Hawakulipwa na mtalii yeyote. Watalii hawaendi huko.

Ni jamii za upande huo zilizotenga ardhi ikawa Ishaqbini. Mwaka wa 2012 hirola 48 waliingizwa ndani ya eneo lililozungushiwa ua ili wanyama wakali wasiwafikie, na baada ya miaka michache idadi yao ilikuwa imezidi mara mbili. Kwa hivyo tunajua kinachofanya kazi: nyasi, usalama, na watu wa hapo kuwa upande wako. Kuna pia juhudi za kufyeka vichaka na kupanda nyasi upya nje ya ua, kazi ya jua kali ambayo haina picha nzuri hata moja.

Ua nao una mwisho wake. Ndani wanajaa, na ukiwatoa nje bila kurekebisha malisho unawapelekea mbwa mwitu chakula. Mbwa mwitu mwenyewe yuko hatarini pia, kwa hivyo huwezi kusema wauawe. Tena hizi hifadhi za jamii zina siasa zake. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili katika kaunti hiyo ziliundwa kinyume cha sheria, baada ya wakazi kulalamika kwamba hawakuhusishwa ipasavyo. Ukitaka kulinda hirola kwa kumnyang'anya mfugaji malisho, utapoteza vyote viwili. Na mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa simba akangoja fidia ya serikali miaka nenda miaka rudi, usitarajie akupigie simu akiona jangili.

Kuna wanaosema teknolojia itatuokoa. Wanatoa mfano wa Fatu, ambaye mayai yake yamevunwa tangu 2019 na kutungishwa kwenye maabara ya Italia kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokufa. Sasa kuna viinitete zaidi ya 30 kwenye barafu. Ni kazi ya ajabu, siikejeli. Lakini kumbuka kifaru wa kwanza kubeba mimba kwa njia hiyo, ambaye alikuwa wa kusini na alibebeshwa kiinitete cha kusini kama jaribio, alikufa kwa maambukizi ya bakteria mnamo Novemba 2023 kabla hajazaa. Hiyo ndiyo bei ya kungoja hadi wabaki wawili.

Mfano mwingine ni bongo wa milimani. Februari 2025 bongo 17 walitua JKIA kutoka Florida, na mawaziri walikuwepo kuwalaki. Bongo waliweza kurudi kwa sababu miaka mingi iliyopita baadhi yao walipelekwa ng'ambo wakazaana huko. Hirola hana kitu kama hicho. Hakuna bustani ya wanyama popote duniani yenye hirola. Hakuna ndege itakayowaleta.

Kinachoniuma zaidi ni Arawale. Ni mbuga ya Garissa iliyotengwa mwaka wa 1974 hasa kwa ajili ya swara huyu, na kwa miongo mingi imekaa bila usimamizi wa maana. Mipaka ipo kwenye ramani. Na mbuga za aina hiyo kisheria ziko chini ya kaunti, si KWS, kwa hivyo hapa hatuwezi kulaumu Nairobi peke yake. Bajeti ya Garissa hupitishwa kila mwaka na wawakilishi wadi wa Garissa, na sheria inataka wananchi waitwe kutoa maoni kabla ipitishwe. Kijana wa Masalani au Hulugho mwenye bando la siku moja anaweza kuuliza kwenye kikao hicho Arawale imetengewa pesa ngapi, arekodi jibu, na alipakie mtandaoni usiku huo huo.