Elimu ya Masafa na Haki ya Kuitikiwa

Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, masomo yalipelekwa kwa redio, televisheni na intaneti. Wengi walidhani kwamba sauti ya mwalimu ikisikika, ufundishaji umekamilika. Kiisimu, dhana hiyo ina kasoro: mazungumzo hujengwa kwa zamu, na hodi isiyoitikiwa humrudisha mgeni alikotoka. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kina vituo mikoani ambako mwanafunzi wa mbali hupata wa kumwitikia. Kwa hiyo, mwalimu wa masafa apimwe si kwa wingi wa mihadhara, bali kwa kazi alizosahihisha na kuzirudisha kwa wakati. Mwanafunzi asiyejibiwa haagi. Hunyamaza tu, nasi tukadhani bado yupo.