Maji ya Ziwa Yabaki Ziwani

Ndugu wafanyakazi, wako matajiri wanaotuamuru tujaze maji ya Kivu ndani ya injini za boti, eti ni ya bure. Tunakataa. Maji hayo yana madini mengi; yakipata moto huacha ukoko mgumu kama wa birika, na injini haipoi tena. Tena hapa Gisenyi, karibu mita 1,460 juu ya bahari, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Barafu hatuna, kweli, lakini dawa yenye glaikoli huchelewesha kuchemka na kuzuia kutu. Itumike ile iliyotajwa na kitabu cha injini, si ya kuchagua kwa rangi, ichanganywe na maji yaliyotoneshwa. Anayefungua kifuniko cha moto akaungua ni mfanyakazi. Dawa inunuliwe na mwenye boti.