Kizuri Hakijiuzi Mtandaoni: Vijana wa Ruaha na Andiko la Mradi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilizaliwa katika soko ambamo mnunuzi alikishika kitu kwa mkono wake, akakinusa, akamtazama muuzaji usoni. Mnunuzi wa kwenye simu hana nafasi hiyo. Anaiona picha tu, na picha ya mchele safi yaweza kufanana kabisa na ya mchele uliojaa chenga. Katika soko la namna hii kizuri hakijiuzi. Huuzwa na mtu aliyekaa chini akapanga atamuuzia nani, kwa bei gani, na mzigo utafikaje.

Nayasema haya kwa sababu wito wa "jiajirini mtandaoni" umekuwa jibu jepesi kwa swali zito la ajira. Mhitimu anayerudi nyumbani Ruaha, wilayani Kilosa, huambiwa kwamba simu yake ni duka, na kwamba fursa ziko kiganjani. Kisha huelekezwa kwenye mkopo wa halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Haina riba, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, deni lisilo na riba bado ni deni, na kikundi kisichouza kitalilipa kutoka mifukoni mwa wanachama wake.

Wahitimu huniletea maandiko ya miradi niyasome kabla hawajayapeleka kuombea mkopo. Aghalabu sehemu ya vifaa imejaa: kompyuta, simu, mizani, mifuko. Sehemu ya masoko huwa na sentensi moja: "Tutatangaza bidhaa zetu kupitia mitandao ya kijamii." Hapo ndipo mradi unapoanza kufa, kabla hata fedha hazijatoka.

Tuchukue mfano ulio karibu. Ruaha iko kwenye barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, kando ya Mto Ruaha Mkuu, na ng'ambo yake ni Kidatu na bonde la Kilombero, ambalo mchele wake unajulikana nchi nzima. Wazo la kikundi cha vijana kuuza mchele huo mtandaoni kwa wakazi wa Dar es Salaam lina mantiki. Basi tufanye hesabu, kwa bei za kukadiria.

Tuseme kikundi kinanunua mchele kwa shilingi 2,000 kwa kilo. Mfuko wa kilo 25 utagharimu 50,000. Kupepeta na kufungasha ni 1,500. Nauli ya mzigo kwenye basi ni 5,000, bodaboda wa kuufikisha mlangoni kwa mteja ni 5,000, na makato ya kutuma na kutoa fedha kwa simu ni 1,500. Jumla ni 63,000. Ikiwa duka la mtaani kwa mteja linauza kilo kwa 2,600, mfuko huo hauwezi kuzidi 65,000. Faida ni shilingi 2,000, kabla ya bando, kabla ya muda wa mtu yeyote.

Sasa tuseme katika mifuko kumi, mmoja umekataliwa mlangoni. Mifuko tisa imeleta faida ya 18,000. Mfuko uliokataliwa umekula 10,000 kwenda na 10,000 kurudi. Kikundi kimefanya kazi wiki nzima kikapata hasara ya 2,000, na huku ukurasa wao una wafuasi wengi na maoni ya pongezi.

Mfanyabiashara wa jumla anayepakia lori hana werevu kuwapita vijana wetu. Nauli yake tu imegawanywa kwa kilo nyingi. Kampuni ya Jumia ilikuwa na mtaji ambao hakuna kikundi cha Kilosa kitakachouota. Aprili 2019 hisa zake ziliingia katika soko la New York. Novemba mwaka huohuo ilifunga shughuli zake Tanzania, ikieleza kwamba inaelekeza rasilimali zake katika masoko mengine. Ikiwa kampuni ya namna hiyo ilipima ikaona heri iondoke, sentensi moja kuhusu mitandao ya kijamii haitatosha.

Je, vijana waache? La hasha. Hesabu ileile inaonyesha pa kupita. Badala ya wateja kumi katika mitaa kumi, watafutwe wateja kumi katika ofisi moja, shule moja au hospitali moja, mzigo ushuke mara moja kwa mtu mmoja anayeaminika. Bodaboda kumi wanakuwa mmoja. Au mteja atafutwe karibu zaidi. Mikumi ina hoteli na nyumba za wageni zinazoishi kwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kwa wasafiri wa barabara kuu ya Iringa na Mbeya. Ruaha na Kidatu zina wafanyakazi wa kiwanda cha sukari na wakulima wa miwa, ambao mifuko yao hunenepa na kukonda kwa kufuata msimu wa kiwanda. Mpango mzuri wa mauzo unaujua mwezi ambao mteja ana fedha na mwezi ambao hana. Kwa wateja hawa, simu haihitaji kumvutia mgeni. Inapokea oda ya kila Jumatatu kutoka kwa mpishi yuleyule.

Jambo la pili ni imani. Mnunuzi ataka alipe mzigo ukifika. Muuzaji ataka alipwe kabla haujatoka. Wote wana haki ya kuogopa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe kwa mnunuzi na aeleze anapopatikana, bidhaa yake na bei yake. Wengi huiona kama mzigo, ilhali ni tangazo bora kuliko picha yoyote: jina la kikundi, namba ya usajili, kijiji na mtaa. Kadhalika, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia daftari la majina na namba za wateja. Anayeligawa daftari hilo ovyo anauza imani ambayo hataweza kuinunua tena.

Wapo watakaosema kwamba biashara hujifunzwa kwa kuuza, wala si kwa kuandika mipango. Nakubaliana nao pale mtu anapojifunza kwa mfuko wake. Fedha ya halmashauri ni ushuru wa mama muuza ndizi na wa mkulima wa mpunga. Haifai kuwa ada ya kujifunzia jambo ambalo jedwali la mistari sita lingelionyesha mapema.

Maafisa maendeleo ya jamii wanaosoma hapa wana uwezo wa kubadili hili bila kusubiri waraka mpya. Kabla ya kupitisha andiko lolote la biashara ya mtandaoni, kidai mambo matatu: majina ya wateja kumi waliokwisha kununua kwa majaribio, gharama kamili ya kufikisha mzigo mmoja, na nani atabeba hasara mzigo ukirudi. Na taarifa za mwaka, ambazo hujaa idadi ya vikundi vilivyokopeshwa na mamilioni yaliyotolewa, ziongezewe safu moja: wateja wangapi wamerudi kununua mara ya pili.

Vijana nao wasisubiri kuulizwa. Kikundi kinachoweza kujibu maswali hayo matatu leo kinaweza kuanza na mifuko mitano na simu iliyopo, hata kabla mkopo haujaidhinishwa. Kisichoweza kuyajibu, kompyuta mpya haitakisaidia.