Dishi la jirani lipimwe kabla ya kuwashwa

Intaneti ya setilaiti si jambo la balozi na mashirika ya misaada tena. Rwanda na Kenya zilifungua milango kwa huduma ya Starlink mwaka 2023, na tangu hapo mjadala umehamia katika miji mikuu mingine ya ukanda wetu. Anachokiona mwananchi ni dishi dogo juu ya bati. Asichokiona ni kituo kikubwa cha ardhini, chenye madishi kadhaa ndani ya uzio, kinachounganisha setilaiti na nyaya za intaneti kwa niaba ya maelfu ya wateja.

Vituo vya aina hiyo vitaongezeka, nasi tunavikaribisha. Vijiji ambavyo mkonga haujafika, na pengine hautafika kwa miaka mingi, vina haki ya kuunganishwa. Lakini kabla havijawa vingi, serikali zetu zijibu swali moja: kituo kinapojengwa nchi moja, nani anapima iwapo mawimbi yake hayataharibu mawasiliano ya nchi ya pili, na anapima kwa kanuni ipi?

Swali hili linatokana na jambo ambalo wengi hawalijui. Masafa ya redio yanayotumiwa na vituo hivi kurusha mawimbi kwenda angani si yao peke yao. Kati ya gigahezi 5.925 na 6.425, na tena kati ya gigahezi 27.5 na 29.5, kanuni za kimataifa zinaziweka pamoja huduma za setilaiti na viungo vya minara, yaani mawimbi yanayorushwa kutoka mnara mmoja hadi mwingine ili kusafirisha simu, intaneti na miamala ya fedha. Wote wawili ni wenye nyumba. Hakuna mpangaji, na hakuna anayeweza kumwambia mwenzake ahame.

Wenye vituo watasema, na kwa kiasi fulani ni kweli, kwamba dishi lao linatazama juu ilhali minara inatazamana kwa usawa wa ardhi. Tatizo ni kwamba hakuna dishi linalorusha upande mmoja tu. Sehemu ndogo ya nguvu huvuja pembeni, na sehemu hiyo hutegemea dishi limeinuliwa kiasi gani. Kwa mchoro wa kawaida unaotumika kimataifa katika hesabu hizi, dishi lililoinuliwa nyuzi 10 tu juu ya upeo wa macho huvujisha kuelekea upeo nguvu mara 32 hivi kuliko lililoinuliwa nyuzi 40.

Hapo sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati, kwa sababu setilaiti nyingi zilizotulia juu ya ikweta tunaziona juu sana angani. Bahati hiyo hupungua kwa setilaiti mpya zinazoruka chini na kupita kwa kasi. Dishi la kuzifuata huzunguka mchana na usiku, na kila upande wa dira hupata zamu yake. Ndiyo maana hesabu ya dishi lisilosogea haiwezi kunakiliwa kwa dishi linalozunguka.

Tathmini yenyewe ina hatua mbili, na ni vizuri wananchi wazijue ili wasitishwe wala wasidanganywe. Hatua ya kwanza ni kuchora mpaka wa uratibu kuzunguka kituo. Mpaka huo huchorwa kwa kudhani mabaya yote, na unaweza kufika mamia ya kilomita. Kuwa ndani yake si kuumia. Maana yake ni kwamba nchi iliyoguswa na mchoro ni lazima iulizwe. Hatua ya pili ni kupima kiungo kimoja kimoja: milima iliyopo katikati, mnara unatazama wapi, unatumia masafa gani hasa, na kipokezi chake kinavumilia kelele kiasi gani. Mara nyingi viungo vingi vilivyoonekana kuwa hatarini katika hatua ya kwanza huonekana salama katika ya pili.

Katika hatua hiyo ya pili kuna mtego wa muda. Kelele ndogo inayodumu siku nyingi hupimwa kwa kipimo chake, na kelele kubwa inayotokea mara chache hupimwa kwa kingine. Hii ya pili ndiyo hupuuzwa. Viungo vikuu vya minara hujengwa mara nyingi kwa lengo la kufanya kazi asilimia 99.99 ya mwaka. Asilimia 0.01 inayobaki ni chini kidogo ya dakika 53, na dakika hizo tayari zimetengwa kwa mvua kubwa na hitilafu za mitambo. Kituo cha jirani kikizila dakika hizo, hasara inaangukia kwa wakala wa fedha ambaye miamala yake imekwama na mgonjwa ambaye simu yake haikuita.

Kwa hiyo haitoshi mafundi kwenda mpakani alasiri moja kavu na mashine ya kupimia, kisha kuandika kwamba hawakuona kitu. Mawimbi husafiri mbali zaidi ya kawaida hewa inapojipanga kwa tabaka, hasa usiku ulio shwari na juu ya maji mapana. Tabaka hizo huyabeba kama mfereji unavyobeba maji, na yakafika mahali ambapo kwa siku ya kawaida yangekuwa yameshafifia.

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa letu hasa. Katika hesabu za kimataifa, ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 7,800 au zaidi huhesabiwa kama bahari, na likiwa chini ya latitudo 30 huhesabiwa kama bahari ya joto, ambako mawimbi hudhaniwa kusafiri mbali kuliko kokote. Ziwa Victoria lina takriban kilomita za mraba 68,800. Tanganyika lina karibu 32,900, na Nyasa zaidi ya 29,000. Yote matatu yamo. Kivu na Albert hayafikii kipimo hicho.

Maana yake kwa lugha ya kawaida ni hii: kati ya Bukoba na Entebbe kuna takriban kilomita 170, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni maji. Mtu akifanya hesabu kwa kudhani ni nchi kavu atapata jibu la kumfurahisha mwekezaji. Akihesabu inavyotakiwa, jibu linaweza kuwa tofauti kabisa. Katika hali hiyo hiyo imo miji ya Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia inayotazamana kuvuka Tanganyika. Nako kwenye miji iliyopakana ukuta kwa ukuta, kama Busia au Goma na Gisenyi, hata masafa ya juu ya gigahezi 28, ambayo hayafiki mbali, hayahitaji kufika mbali ili kuvuka mpaka.

Je, sheria ipo? Ipo. Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) zinaitaka nchi inayojenga kituo kuratibu na kila nchi ambayo mpaka wa uratibu umeigusa. Nchi iliyoulizwa ina miezi minne ya kujibu. Na hapa kuna kifungu ambacho kila waziri wa mawasiliano wa ukanda huu anapaswa kukisoma mwenyewe. Nchi isipojibu, mwombaji anaweza kuomba msaada wa ofisi ya redio ya ITU. Ikiendelea kunyamaza hata baada ya hapo, huhesabiwa kuwa imeahidi kutolalamika iwapo kituo hicho kitaharibu viungo vyake, na imeahidi pia kwamba viungo vyake havitakisumbua kituo hicho.

Wahenga walisema kunyamaza ni kukubali. Katika masafa ya redio, kunyamaza ni kukubali mara mbili.

Na nchi hunyamaza kwa nini? Mara nyingi si kwa dharau. Mamlaka isiyo na orodha kamili ya viungo vyake haiwezi kusema ni kipi kitaumia. Mnara uliohamishwa bila taarifa, au kiungo kilichobadilishiwa masafa na kampuni bila kumbukumbu kusahihishwa, haumo katika hesabu ya mtu yeyote. Barua ya jirani inafika, inazunguka mezani, na miezi minne inapita.

Tunapendekeza mambo manne, na mahali pa kuyaanzia papo: Shirika la Mawasiliano la Afrika Mashariki (EACO), lenye makao yake Kigali, ambalo tayari linawakutanisha wasimamizi wa mawasiliano wa nchi zetu.

Kwanza, iwepo orodha moja ya pamoja ya vituo vya ardhini na viungo vya minara vilivyo karibu na mipaka na maziwa, inayosahihishwa na kila mamlaka kila kiungo kinapobadilika. Siri za biashara zinaweza kulindwa. Mahali ulipo mnara unaoonekana na kila mpita njia si siri.

Pili, wote wahesabu kwa njia moja na kwa ramani moja ya milima na maji. Ramani za miinuko zilizopimwa kutoka angani mwaka 2000 zinapatikana bure, kwa hiyo umaskini si kisingizio. Wahandisi wawili wakitumia kanuni mbili watabishana mpaka kesho. Wakitumia moja, watabaki kubishania ukweli wa takwimu, na huo ni ubishi unaokwisha.

Tatu, jirani ajulishwe kabla ya kibali cha ujenzi kutolewa, na ajibu kwa hesabu. Jibu la "tunapinga" lisilo na jina la kiungo wala kiasi cha mwingiliano lisipokelewe, kwa sababu masafa yasigeuzwe silaha ya kubana biashara ya mwenzako.

Nne, kituo kipimwe kwa pamoja kinapowashwa, na kipimwe tena katika majira ambayo hewa juu ya maziwa huwa tulivu. Kibali kiseme wazi kwamba mwingiliano ukithibitika, kituo kitapunguza nguvu, kitabadili masafa au kitajenga ukuta wa kukinga upande unaoumia.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yatawafukuza wawekezaji. Sisi tunaona kinyume. Kinachomtisha mwekezaji ni kujenga, kufunga mitambo, kusajili wateja, kisha kuambiwa azime kwa sababu nchi ya pili inalalamika. Kusogeza kituo nyuma ya kilima kwenye karatasi hakuna gharama ya kutajika. Kukisogeza baada ya saruji kukauka ni hasara. Wala gharama za tathmini hazipaswi kumwangukia jirani, kwani anayeleta kituo ndiye anayenufaika nacho.

Ukanda huu haukuanza jana. Mwaka 1970 kituo cha ardhini kilifunguliwa Longonot, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki na dunia. Dishi moja lilihudumia majirani, na mwingiliano ulikuwa jambo la nyumba moja. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, kila nchi ikashika njia yake, na iliporudi kwa mkataba wa mwaka 1999 ilikuta kila mmoja ana minara yake, mamlaka yake na daftari lake.

Madaftari hayo sasa yafunguliwe pamoja. Tunazitaka mamlaka za mawasiliano za nchi zote zinazozunguka Ziwa Victoria na Tanganyika zikubaliane juu ya orodha na kanuni moja kabla kibali kingine cha kituo kikubwa hakijatolewa karibu na maji hayo. Na hadi hapo, kila barua ya uratibu inayofika ipate jibu ndani ya miezi minne. Wananchi hawatajua kamwe kwamba jibu hilo liliandikwa, lakini simu zao zitaendelea kuita.